Buku ya Majina

Baba yangu alikuwa karani wa shefu. Alikuwa na mwandiko mzuri aliojifunza kwa mapadri, na kazi yake kubwa ilikuwa kutunza buku ya majina: kila mwanamume mzima wa vijiji vyetu vya karibu na Lokandu, jina la baba yake, ukoo wake, kodi aliyolipa na shamba la mpunga alilopimiwa. Mimi nilizaliwa katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji, nikawa mwalimu, na sasa ni mzee ninayeishi Kindu kwa watoto wangu. Nimeona serikali zikija kwa mto, kwa ndege na kwa miguu kutoka msituni. Hakuna iliyofika isiulize buku ile. Vijana wakitaka kujua kwa nini kwetu wakubwa wanabadilika na mambo hayabadiliki, nawasimulia habari za buku hiyo, kwa kuwa nilikua nayo nyumba moja.

Kabla ya kuitwa Lokandu, mahali petu paliitwa Riba Riba, kituo cha Waungwana, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa pwani, kando ya Lualaba, ukishuka mto kutoka Kindu. Pembe za ndovu zilipita hapa, watumwa walipita hapa, na mpunga tunaoulima hadi leo uliletwa na Waungwana hao. Hawakuwa wengi, wala hawakuweza kuingia kila kijiji. Waliweka wanyampara. Wengi wa wanyampara hao walikuwa watoto wa bara hilihili, waliotekwa wakiwa wadogo, wakavishwa kanzu, wakajua Kiswahili na bunduki, kisha wakatumwa kudai pembe kwa watu wa damu yao. Mwaka 1892 Mbelgiji Hodister, aliyekuja kufungua biashara ya kampuni yake, aliuawa katika safari ya Riba Riba. Mwaka uliofuata vita vilifika: maofisa wa Kibelgiji walikuja na askari wao, Dhanis akateka Nyangwe mwezi Machi na Kasongo mwezi Aprili, naye Chaltin akafika hadi kwetu.

Shuleni tulifundishwa kwamba mwaka huo wa 1893 utawala wa Waarabu ulikwisha. Babu yangu hakusimulia hivyo. Alisema mabwana waliondoka, wanyampara wakabaki. Bula Matari, ndivyo tulivyoiita serikali ya Wazungu, alitaka pembe, mpira, wapagazi na chakula cha askari, na alivitaka kesho asubuhi, lakini hakujua kijiji gani kina nini. Mnyampara alijua. Basi akaitwa, akapewa kofia mpya, akaambiwa aendelee. Wala hilo halikuwa jambo la watu wadogo wa Riba Riba peke yao. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyekuwa akiwaambia Wazungu wenzake kwamba anakuja kuwaokoa watu weusi na biashara ya watumwa, alimtumia Stanley kumfanya Tippu Tip kuwa gavana wake wa Stanley Falls kwa mshahara wa kila mwezi. Hakuna mtu aliyeijua njia ya pembe na ya watumwa kuliko Tippu Tip, na ndiyo sababu aliajiriwa.

Lazima niseme jambo moja hapa, maana wengi hudhani ushefu wote wa Maniema umetoka kwa mababu. Kwa jirani zetu Warega wa upande wa Pangi hapakuwa na shefu mmoja aliyeketi juu ya wote. Walikuwa na bwami, chama cha vyeo ambacho mtu alipanda ngazi kwa mwenendo wake, kwa mali aliyogawa na kwa kukubaliwa na wenzake, na heshima iligawanyika kwa wazee wengi. Serikali ya kikoloni haikuweza kutoza kodi mahali ambapo heshima imegawanyika hivyo. Ilitaka mtu mmoja wa kumkamata ikiwa kodi haikutimia. Kwa amri za 1910 na 1933 ikapanga shefari na sekta, ikaweka mashefu, ikawavalisha medali kifuani. Bwami yenyewe ilipigwa marufuku mwaka 1948. Miaka ikapita, watoto wakazaliwa wakamkuta yule wa medali kwenye kiti, wakaambiwa ndiyo mila. Kitu kilichowekwa na Mzungu kwa sababu ya kodi kikawa cha mababu ndani ya vizazi viwili.

Lokandu mzigo ulikuwa mzito zaidi kwa sababu ya kambi. Force Publique ilikuwa na kambi kubwa hapo ya kuwafundisha vijana uaskari, na kambi inakula kila siku. Inakula mchele, samaki, ndizi, mafuta ya mawese, na inataka kuni. Meli za Kindu na Ubundu nazo, zilizokuwa zikienda na kurudi kwenye kilomita zaidi ya mia tatu za mto unaopitika, zilitaka kuni zao. Baba alinieleza kwamba sheria ya 1933 iliwapa wanaume siku 60 za kazi za lazima kwa mwaka, na wakati wa vita vya Hitler, mwaka 1942, zikafikishwa 120. Siku hizo zote ziliandikwa kwenye buku. Aliyekosa alilala buloko, yaani gerezani, na kabla ya kulala alichapwa.

Niliwaona waliochapwa. Nakumbuka zaidi, hata hivyo, asubuhi za kawaida, ambapo hakuna mtu aliyepigwa. Watu walikuja barazani kwa shefu na mambo yao wenyewe. Mmoja analalamika kwamba mahari imerudishwa pungufu. Wavuvi wawili Wagenya wanagombania mahali pa kuweka mitego mtoni, kila mmoja akimtaja babu aliyepewa mkondo ule. Mjane anataka mashahidi kwamba shamba la marehemu lilikuwa lake pia. Shefu anasikiliza, wazee wanasema, baba anafungua buku kuangalia nani mtoto wa nani. Na jambo linakatwa. Nyumba ileile iliyopeleka watu buloko ndiyo iliyowapa haki yao ndogo, na hawakuwa na nyingine ya kwenda. Nimesoma maneno mengi ya wasomi wa mjini wanaosema watu walivumilia kwa hofu tu. Hofu ilikuwepo, tena kubwa. Lakini mtu aliyepata mkondo wake wa samaki barazani mwezi wa tatu, mwezi wa sita akidaiwa kodi atanung'unika na kulipa.

Uhuru ulipokuja, Maniema yote ilikuwa ya Lumumba. Watu waliamini kodi imekwisha, na wengine walichana vibuku vyao vya kitambulisho mbele ya nyumba ya shefu wakiimba. Baba alifunga ile buku kubwa ndani ya sanduku. Mama alimwambia aichome, ni ya Wazungu, nao wameondoka. Yeye akajibu kwamba watakaokuja nao watataka kula.

Walikuja kweli. Mwezi Julai 1964 jeshi la waasi walioitwa Simba, likiongozwa na Olenga, liliingia Kindu, na tarehe 5 Agosti likawa Stanleyville. Simba walikuja na hasira ya haki. Walisema uhuru wa kwanza uliibwa na makarani na wakubwa waliokaa kwenye nyumba za Wazungu, na hilo halikuwa uongo. Huko Kindu walimu, makarani na watu wa ofisi waliitwa PNP, yaani vibaraka, wakauawa. Sisi tulijua habari hizo, kwa hiyo walipofika kijijini shefu alikwisha kimbilia msituni na baba alikuwa ameketi kibarazani kwake, amevaa shati safi, akingoja kifo. Nilikuwa mvulana mkubwa wa kuelewa.

Kiongozi wao alikuwa kijana ambaye labda hakunizidi miaka kumi. Alikuwa na majani kichwani na ngozi ya mnyama begani. Alimwangalia baba kwa muda, halafu akasema, "Muzee, buku ya majina iko wapi?"

Baba akaileta. Yule kijana akaifungua, akapitisha kidole kwenye mistari, na niliona kwamba hawezi kusoma mwandiko ule wa haraka. Akamwambia baba amsomee. Baba akasoma kijiji kwa kijiji: huyu ana shamba la kiasi hiki, huyu ana watoto wa kiume watatu, huyu ni mvuvi. Wakasoma hadi taa ikawashwa. Mwishoni kijana akasema mchele ufike kesho jioni kwa ajili ya wapiganaji, na vijana wa kubeba risasi pia, na karani ndiye atakayewaita, maana anawajua. Makaratasi mengine ya ofisi yalichomwa uwanjani, barua, picha za mfalme, vitabu vya mahakama. Buku haikuchomwa.

Ndivyo baba alivyopona. Mwezi Septemba tulisikia kwamba Gbenye, mkuu wa waasi, ametangaza Jamhuri ya Watu huko Stanleyville, na kijana wetu akaanza kukaa kwenye kiti cha shefu. Mara ya kwanza aliketi ukingoni. Baada ya wiki chache alikuwa akiegemea. Alidai kuku, kisha akadai kuletewa kuku bila kudai, kisha akataka mke wa ukoo wa kishefu. Sisemi haya kumdhihaki. Alikuwa mtoto wa watu waliochapwa, na katika maisha yake yote alikuwa ameona sura moja tu ya ukubwa: kiti kile, kuku yule, watu wanaosimama unapopita. Angeijua wapi nyingine? Hakuna aliyekuwa amemwonyesha.

Tarehe 5 Novemba 1964 Kindu ilichukuliwa tena na jeshi la serikali pamoja na mamluki Wazungu, na safari hii pia watu waliuawa. Tulikaa msituni miezi mingi. Tuliporudi, ofisa wa jeshi aliyewekwa sehemu zetu alimwita baba. Nilikuwa nimemsindikiza, nikasikia kwa masikio yangu: buku ya majina iko wapi? Alitaka mchele wa askari. Baba alifungua ukurasa uleule. Kando ya jina la mjomba wangu mmoja palikuwa na alama ya malipo ya Wabelgiji, ya Jamhuri, ya Simba, na sasa ofisa akaweka yake chini yao. Mjomba alikuwa amekufa msituni kwa ugonjwa, na baba alipotaka kumfuta aliambiwa asubiri, kwanza hesabu ya mchele itimie.

Na shefu? Hakurudishwa na jeshi. Alirudishwa na wazee wetu wenyewe, waliokwenda kumtafuta msituni wakamkuta amekonda, amefuga ndevu. Kwa mwaka mzima hakuna mahari iliyoamuliwa, mikondo ya samaki ilikuwa ikigombaniwa kwa mapanga, na watu waliochoka na damu walitaka baraza. Hakuna aliyewashurutisha. Nimewaza jambo hili maisha yangu yote kuliko habari za bunduki.

Rais Mobutu alilielewa na akalipiga vita kwa muda. Sheria ya tarehe 5 Januari 1973 ilitaka mashefu wawe watumishi wa kawaida, wahamishwe kama wanavyohamishwa walimu, ili mizizi yao ikatike. Wetu alipelekwa mbali. Aliyeletwa mahali pake alikuwa mtu mpole, msomi, na nasema bila chuki kwamba alihangaika sana. Hakujua msitu wa ukoo huu unaishia mto gani. Wazee walimsalimu kwa heshima zote, wakaenda kumaliza kesi zao nyumbani kwa ndugu wa shefu aliyehamishwa. Mchele haukufika. Haukuchukua muda mrefu mpango ule kuachwa nchini kote, mashefu wakarudi kwao, na sasa wakiwa pia wakuu wa MPR, chama ambacho kila Mzaire alihesabiwa mwanachama wake. Rais mwenyewe alivaa kofia ya ngozi ya chui na kushika fimbo ya kishefu. Salongo ikaja: kazi ya bure ya kila wiki, kusafisha barabara na kulima shamba la chama. Wazee waliokumbuka siku 60 hawakuhitaji kuelezwa jinsi ya kujipanga. Na aliyeita majina alikuwa baba, nywele zimekwisha kuwa nyeupe.

Katika miaka ile nilikuwa nafundisha, na padri mmoja aliniazima kitabu cha Mfaransa Étienne de La Boétie, aliyeandika katika karne ya 16 akiwa kijana. Anauliza kwa nini watu wengi wanamtii mmoja. Jibu lake ni kwamba huyo mmoja ana watu watano au sita wanaofaidi kwake, nao wana mia sita wanaofaidi kwao, na hao wana maelfu, hadi karibu kila mtu ana kamba ndogo inayomfunga kwa aliye juu yake. Nilimsoma nikimwona baba. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na mwishoni mwa Mobutu haukufika kabisa, hata hivyo hakuacha kazi. Alipata samaki wa asante, alipata kusikilizwa, wanawe walipata shule. Mimi ni mmoja wa wana hao. Mshahara wa serikali ulipokufa, mwalimu aliishi kwa fedha za wazazi, polisi kwa bariyeri, karani kwa muhuri. Kila mtu alipewa mtu wa chini yake badala ya mshahara. Ndiyo maana hata wanaoumia hawakubali kirahisi ngazi ibomolewe. Kila mmoja amesimama kwenye kipande chake.

Vita vilivyofuata sina nguvu ya kuvisimulia vyote. Waasi wa AFDL, waliomwondoa Mobutu, waliingia Kindu mwishoni mwa Februari 1997, na kwa miezi michache bariyeri ziliondolewa. Nakiri kwamba tulicheza barabarani. Oktoba 1998 Kindu ikaangukia waasi wengine, RCD, na kwa karibu miaka mitano mto ulikuwa hatari, mji uko mikononi mwa hawa, msitu mikononi mwa wapiganaji wa Mai-Mai. Mtu wa Lokandu aliyetaka kuuza mchele Kindu alilipa akitoka na alilipa akiingia. Pande zote mbili ziliandika orodha za majina. Baba hakuwa hai tena, na buku ya zamani ilikwisha kuliwa na mchwa, lakini mpwa wake alikuwa karani, na alikuwa na daftari la shule lenye mistari ileile: jina, baba, ukoo, kijiji, kiasi.

Kuna kisa kimoja cha kinyume ambacho nakitunza, nacho kinatoka kwa akina mama. Ilikuwa katika miaka ya themanini. Wauza samaki wa soko letu walilipa ushuru kila asubuhi kwa tiketi, na siku nyingine bila tiketi. Mmoja wao, mjane, hakujua kusoma, lakini aliweka kokwa za mawese kwenye kikapu: kokwa moja kwa kila malipo. Wenzake wakamwiga. Mwisho wa mwezi walikwenda barazani, wakamwaga kokwa chini mbele ya shefu na wazee, wakaomba mtoza ushuru asome kwa sauti amepeleka kiasi gani. Hawakutukana, hawakugoma. Waliomba tu kusomewa. Alisoma, na kiasi kilikuwa karibu nusu. Baba aliniambia usiku ule kwamba katika kazi yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwomba amsomee upande wa pili wa buku, ule wa fedha zilikokwenda. Majina yalisomwa kila mwaka. Matumizi hayakusomwa hata mara moja, kwa Wabelgiji, kwa Jamhuri, kwa Simba, kwa chama.

Kwa zaidi ya mwaka ushuru wa soko lile ulisomwa hadharani kila mwezi, na choo cha soko kilijengwa. Shefu hakuanguka. Aliendelea kuamua mahari na mikondo ya samaki, tena watu walimheshimu zaidi. Kilichoanguka ni ile nusu iliyokuwa ikipotea. Kisha mtoza ushuru akapewa mkubwa mpya kutoka nje, mjane akafariki, na vita vikaja.

Sheria ya Oktoba 2008 inasema sekta na shefari ziwe na baraza la madiwani waliochaguliwa na watu, na baraza hilo ndilo lipitishe bajeti. Tumekwisha piga kura za rais mwaka 2006, 2011, 2018 na 2023. Kura ya kuchagua diwani wa sekta yetu hatujaipiga. Hakuna anayesimama hadharani kuipinga. Inaahirishwa tu, na kila anayeiahirisha ana kamba yake ndogo mahali fulani. Wanasiasa wa Kinshasa wakija Kindu huzungumza katiba na muhula wa rais. Nawasikiliza kwa adabu. Ningependa mmoja wao aulizwe mbele ya umati ni lini mama wa samaki wa Lokandu atamchagua mtu wa kumsomea upande wa pili wa buku.

Mjukuu wangu ameombwa awe karani wa kundi la vijiji. Ni kijana mwenye akili, ana simu, anataka majina yote yaingie humo. Alikuja kuniomba baraka kama ilivyo desturi. Nilimwambia nitampa, lakini kabla ya jina la mtu yeyote kuingia kwenye simu hiyo, kwanza aingize ushuru wa mwezi uliopita, umetoka kwa nani na umekwenda wapi, kisha aende sokoni siku ya Jumamosi akausome. Alisema watamfukuza kazi. Inawezekana. Tulibishana hadi usiku, mama yake akaingia kati upande wangu, na Jumamosi ijayo ninapanda pikipiki pamoja naye kwenda Lokandu, magoti yangu yakikubali.